Uma wa Tabaka Kumi na Sita

Tulimwita Mama Tabaka, ingawa hakuwahi kuzaa. Jina hilo alilipata kiwandani, miaka ile tulipokuwa tukitengeneza uma za baiskeli za mashindano. Alikuwa akihesabu kwa sauti anapofanya kazi: kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, funga. Hata ukimsalimia katikati ya hesabu hakuitikia. Alimaliza kwanza, akafunga kalibu, ndipo akageuka na kusema, "Ehe, ulikuwa unasemaje?"

Kwa asiyejua, uma ni ile sehemu ya mbele ya baiskeli: miguu miwili inayolikumbatia gurudumu, na shingo inayopanda hadi kwenye usukani. Zetu zilikuwa za kaboni. Kitambaa cheusi kilicholoweshwa gundi kilitoka kwenye friji kubwa, baridi kama maiti. Wanawake wa meza ya kwanza walikikata vipande. Wa meza ya pili walivilaza ndani ya kalibu, chombo cha chuma cha kuupa uma umbo lake, kipande juu ya kipande, kila kimoja kikielekezwa upande wake, kisha kalibu ikaingia kwenye tanuri. Uma ukiiva ulikuja meza ya tatu, kwangu mimi na msasa wangu.

Mama Tabaka alikuwa kiongozi wa meza ya pili. Mkono wake wa kushoto alikaa mdogo wake wa tumbo moja. Wazazi wao walifariki mdogo akiwa na miaka tisa, na dada mtu ndiye aliyemlisha, akamsomesha, akamwombea kazi pale na kumfundisha kulaza kitambaa bila kukikunja. Mdogo alipojifungua mtoto wa kiume ambaye baba yake hakueleweka ni nani, hakuna aliyemsuta mbele ya Mama Tabaka. Wote watatu waliishi kwenye vyumba viwili vya dada mtu, na yule mtoto alijua kutamka "Mama Mkubwa" kabla hajajua kumwita mama yake.

Tabaka kumi na sita ziliwekwa begani, pale miguu miwili ya uma inapokutana na shingo. Mtu akishika breki kwenye mteremko, mzigo wote hutua hapo. Ukinyoosha bega hilo kwa msasa ulisikia limeshiba. Mkono wako ulijua.

Siku moja msimamizi alikuja na amri. Alikuwa mwanamume wa kalamu tatu mfukoni ambaye hatukuwahi kumwona akiandika. Alisema wateja siku hizi wanataka uma mwepesi, wanaupima kwenye mizani dukani kabla hata hawajauliza rangi. Kuanzia leo, tabaka begani ni kumi na moja.

"Na meno yao wanayapima pia?" aliuliza Mama Tabaka.

Tulicheka ukumbi mzima. Msimamizi hakucheka. Alimtazama mikono yake, iliyokuwa imebabuka kwa gundi hadi vifundoni, akasema, "Wewe mwenye mikono ya mamba, kazi yako ni kulaza. Kufikiri tumewaachia wengine."

Mama Tabaka alilaza kumi na moja mbele ya macho ya msimamizi. Bwana yule akigeuka, yeye alirudi kwenye kumi na sita. Si kwa uma zote. Nne au tano kwa siku, alivyoweza kuiba kitambaa. Mizani ya ukaguzi wa mwisho ikaanza kulalamika. Msimamizi aliiuliza meza ya pili ni nani, meza ikafyata ulimi. Aliwanyima mapumziko ya kwenda msalani kwa wiki nzima, bado wakanyamaza. Wiki ya pili, mdogo mtu aliingia ofisini kwa msimamizi na kufunga mlango. Alipotoka alikuwa amevaa aproni ya buluu, ile ya kiongozi wa meza.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Msimamizi alisimamisha kazi, akatuita wote. Alishika uma mmoja mzito, akaufunga kamba, akamwambia Mama Tabaka, "Umezipenda sana. Basi uvae." Kisha akampa mdogo mtu ncha za kamba. "Fundo funga wewe. Shingo hiyo ndiyo iliyokubeba."

Mdogo mtu alifunga. Fundo lilifunguka, ikabidi arudie. Nilisimama karibu, nikamsikia akinong'ona, "Dada, nisamehe." Mama Tabaka akajibu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye tanuri: "Kaza vizuri. Usije ukaanguka ukakuvunja kidole, halafu nani atawalazia kumi na moja zao?"

Alizunguka na uma ule kifuani kutoka asubuhi hadi king'ora cha kutokea. Alikula nao, alikwenda nao msalani. Kila alipoinama uligonga meza, na kila ulipogonga mtu alicheka. Nami nilicheka. Nimejaribu miaka mingi kujiambia kwamba nilitabasamu tu, lakini nilicheka.

Jioni hiyo, jua bado kali, alifika nyumbani kabla ya mdogo wake na kuanza kutoa vitu nje. Godoro, sufuria mbili, nguo, sare ya shule ya mtoto iliyokuwa haijakauka. Majirani walijipanga kwenye vibaraza kama wanaotazama mpira. Mdogo mtu alipofika alisimama mbali. Mtoto, wakati huo wa miaka sita, alikuwa ameshika viatu vyake mkononi.

"Mama Mkubwa, na mimi?"

"Na wewe. Mama yako ni yule pale."

Akaingia ndani, akafunga.

Kiwandani walimhamishia kazi ya kuosha kalibu kwa dawa. Dawa ile ilimng'oa kucha nne, na kucha zikiisha kung'oka mtu haajiriki tena kokote penye gundi. Baada ya miezi minane walimwachisha. Miaka mitano baadaye kiwanda chenyewe kilihamia kwingine, kwenye watu wenye mikono mizima. Siku ya kuagana, kila mmoja wetu aliyebaki alipewa uma mmoja ndani ya boksi, kama shukrani. Wangu niliugawa. Mdogo wa Mama Tabaka aliupeleka wake nyumbani akauweka juu ya kabati.

Mama Tabaka alifungua karakana ya ufundi kwenye chumba kile kile cha mbele ambamo godoro lilitolewa. Kazi yake ilikuwa moja tu: uma za kaboni, hasa za zamani. Waendeshaji walikuwa wakiogopeshwa na wauza duka kwamba kaboni ikizeeka huvunjika ghafla bila kuaga, kwa hiyo wachache wenye uma za miaka ishirini walimletea wakiwa na wasiwasi kama wanaopeleka mtoto kwa daktari. Yeye aliupokea uma, akaubana kwenye jiriwa yenye matambara, akaanza kuugonga kwa kijiko kuanzia nchani kupanda juu. Mlio ukiwa mkavu, mzima. Ukisikia umefifia mahali, kuna tabaka limeachana ndani. Kisha alivaa soksi nyembamba ya kike kiganjani na kuipitisha kwenye miguu yote miwili. Palipokuwa na uzi uliokatika soksi ilinasa. Mwisho alichungulia ndani ya shingo na tochi, kwa kuwa shingo za zamani nyingi ni za alumini, na jasho la mwendeshaji likichuruzika humo miaka mingi hula kiungo.

"Kaboni haichoki kama chuma," aliwaambia. "Haihesabu miaka. Inahesabu mapigo. Kama hujaanguka nao na hukuacha jasho liule, uma huu utakuzika. Na umetengenezwa zamani, watu wakiogopa kufungwa kwa kuua mtu. Siku hizi wanaogopa mizani."

Uzee peke yake haukumbabaisha. Lakini uma mbovu aliukata kwa msumeno papo hapo mbele ya mwenyewe, bila kuomba ruhusa. Kijana mmoja alilia kwamba ule ulikuwa wa marehemu baba yake. "Basi ulibaki kidogo umfuate," alijibiwa.

Mimi nilikwenda na baiskeli yangu baada ya kustaafu. Alinitambua mlangoni. "Wewe wa meza ya tatu. Ulicheka mpaka magego yakaonekana." Aliukagua uma wangu, akasema mzima, akaniamuru nikae nimshikie tochi. Nimekuwa nikimshikia tochi tangu siku hiyo, na kila wiki ananikumbusha magego.

Yule mtoto alikua. Akiwa na miaka kumi na tisa alianza kukimbiza baiskeli, na mwili wake ulikuwa wa kazi hiyo hasa, miguu mirefu na kifua kama pipa. Alijijengea baiskeli ya mbio kwa vipande vya kuokota na vya kuomba. Kilichokosekana ni uma. Mama yake alipanda juu ya kiti, akashusha boksi kutoka kwenye kabati, akafuta vumbi. Ulikuwa umetoka meza yake mwenyewe, enzi za aproni ya buluu.

Aliuendesha miaka mitatu. Kisha asubuhi moja, kwenye mteremko wa barabara ya machimbo, mbwa alikatiza, kijana akashika breki, uma ukakatika begani. Gurudumu lilikwenda zake. Yeye alishuka kwa uso. Taya lilivunjika mahali pawili, meno saba ya mbele yalibaki barabarani, na mwenzake aliyemfuata aliyaokota akayafunga kwenye leso, hakujua kwa nini.

Siku ya tatu mdogo mtu alikuja ufundini. Nilikuwepo na tochi yangu. Miaka kumi na sita hawakuwa wamesemeshana. Alisimama kizingitini, amekonda, anakohoa kikohozi cha vumbi la kiwandani tulichokuwa tukikijua wote.

"Dada. Mtoto ameanguka. Ameumia vibaya, hawezi kusema, ila anaandika. Ameandika jina lako."

Mama Tabaka hakuinua macho. "Uma wa mwaka gani?"

"Dada, nakwambia mtoto—"

"Nimesikia. Mtoto ana madaktari. Nakuuliza uma."

Mdogo mtu alisema ulikuwa ule wa kuagana.

"Niletee vipande."

Nilidhani hatarudi. Alirudi mchana huo huo na mfuko wa plastiki, akaumwaga mezani. Mama Tabaka alichukua bega lililovunjika, akavaa miwani, akachukua sindano ya kushonea, akaanza kutenganisha tabaka pale palipochanika, moja moja, taratibu, akihesabu kwa sauti ile ya zamani. Moja. Mbili. Tatu. Mdogo wake alikuwa amesimama. Hakuambiwa akae. Ilifika nane, ikafika tisa, sindano ikagusa uwazi.

"Tisa," alisema Mama Tabaka. "Mimi nilivalishwa uma shingoni kwa sababu ya kumi na moja. Kumbe mliendelea kushuka."

"Walituamuru. Mwaka wa mwisho walituamuru. Ningefanya nini, nina mtoto."

"Ndiyo. Unaye. Chungulia hapa." Alimsogezea bega usoni. "Kona hii umekunja kitambaa. Nilikufundisha usikunje. Hata hizo tisa umeshindwa kulaza."

Mdogo mtu alipiga magoti. Hakuomba kitu chochote. Alilia kwa kukohoa na kukohoa kwa kulia, hata usijue kipi ni kipi. Nilisimama nimwinue. Mama Tabaka alisema, "Wewe shika tochi."

Hospitali hakwenda.

Kijana mwenyewe ndiye aliyekuja, baada ya miezi mitano. Taya lilikuwa limeunga upande, maneno yakimtoka kwa mluzi penye pengo. Alisimama mlangoni ameshika baiskeli yake isiyo na uma, fremu begani.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

Mama Tabaka aliweka kijiko chini. "Marahaba. Ingia. Kumbe uso ulikuwa wa kuazima, wameshauchukua." Kijana alicheka, na kicheko hicho chenye pengo kilimvunja Mama Tabaka nguvu kuliko kilio cha mama yake. Alimkalisha. Alimpa maji. Kisha akatoa kutoka kwenye msumari wa juu kabisa uma mmoja mweusi usio na rangi wala nembo, miguu mipana, bega nene. Ulikuwa mmoja wa zile alizozilaza kwa wizi. Alikuwa ameufuatilia kwa waendeshaji mpaka akaupata.

"Kumi na sita," alisema. "Nimezilaza mimi, kama mtu anavyolaza watoto. Utakuwa mzito kidogo kuliko wa wenzako. Ila ukishika breki hautatetemeka, na barabara mbovu itaishia kwenye miguu yake, haitakufika viganjani. Ni wako. Sharti moja."

"Sema, Mama Mkubwa."

"Mama yako asiutie mkono. Na siku ukija hapa usije naye, wala salamu zake usiniletee."

Kijana alitazama uma, akatazama sakafu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na alitaka kukimbia tena kuliko alivyotaka kula. Alikubali.

Na uma ulifanya kila kitu alichoahidiwa. Alikuwa akija Jumamosi baada ya mazoezi, anapiga simulizi hajavua hata kofia. "Mama Mkubwa, mteremko wa machimbo nimeushuka sijagusa breki mpaka kona! Wenzangu uma zao zinacheza kama miguu ya ndama, huu umetulia tu. Viganja havinifi ganzi tena." Mwezi wa tatu alishika nafasi ya pili kwenye mashindano, wa nne akashinda. Wauza duka walianza kumuuliza ule ni uma gani usio na jina. Mama Tabaka alinenepa kwa furaha mwaka ule, naapa, mashavu yalimjaa. Alimfungia vitafunwa vya njiani. Alimkanda miguu.

Lakini kila Jumamosi, akiisha kumkanda, aliuliza kwa sauti laini kabisa, "Na kule nyumbani, kifua kinasemaje?" Alipiga marufuku salamu, habari hakupiga. Kijana alijibu kwa ufupi: anakohoa. Anakohoa damu. Hapandi tena ngazi. Analala ameketi. Na kila jibu Mama Tabaka alilipokea kwa kutikisa kichwa polepole, kama mtu anayegonga kwa kijiko na kusikia mlio aliokuwa akiutarajia. Nililiona hilo. Kijana naye, hatimaye, akaliona.

Jumamosi moja hakusimulia mbio. "Mama Mkubwa, najua sharti. Lakini anataka kukuona mara moja tu. Hataongea. Nitambeba mpaka mlangoni, umtazame, nimrudishe."

"Aje na kibali cha msimamizi," alisema Mama Tabaka, na akanigeukia mimi ili nicheke.

Safari hii sikucheka. Hilo halikumsaidia mtu yeyote.

Kijana aliinuka, akageuza baiskeli juu chini pale pale sakafuni, akachukua spana kutoka ukutani bila kuomba. Alilegeza usukani, akatoa gurudumu, akauchomoa uma. Aliufuta kwa fulana yake, mguu mmoja, mguu wa pili, akaulaza juu ya meza.

"Una kasoro gani?" aliuliza Mama Tabaka.

"Hauna."

"Umeona uzito?"

"Hapana. Sijawahi kupanda uma mzuri kama huu, na sidhani kama nitapanda tena."

"Sasa?"

Kijana alibeba fremu begani, gurudumu mkononi. "Shikamoo, Mama Mkubwa," alisema kama mtu anayeaga, akatoka. Hakuitikiwa. Mama Tabaka alikuwa tayari ameshaubana uma kwenye jiriwa na kuanza kuugonga, kutoka nchani kupanda juu, sikio limeinama. Alipitisha soksi. Alichungulia shingoni. Aliniambia nisogeze tochi, nikasogeza. Hakupata kitu. Alirudia tena kuanzia mwanzo. Jumatano yake alikuja mwendeshaji mwingine, mwalimu wa hesabu mwenye kitambi, akauchukua, na mpaka leo anaukimbiza kwenda kazini na haujamdai hata skrubu.

Mdogo mtu alifariki majuma sita baadaye. Nilikwenda kuzika. Kijana hakushiriki tena mashindano. Ameajiriwa kwenye ghala la magodoro, anapakia malori. Alinishika mkono makaburini, akaniuliza kama macho ya Mama Mkubwa bado yanamsumbua, nikamwambia yanamsumbua, akasema nimwambie aache kusoma bila taa.

Nilipita ufundini nikirudi. Mlango ulikuwa wazi, kazi inaendelea. Nilimpa pole, akapokea. Nilimfikishia maneno ya taa. Halafu akauliza nani waliobeba jeneza. Nikawataja. Akauliza kama mafundo ya kamba za kushushia yalikazwa vizuri, nikasema nadhani yalikazwa. Alinitazama juu ya miwani.

"Unadhani," alisema, akarudi kwenye uma uliokuwa mbele yake, akaendelea kugonga.